Wageni Wamelala: Neno Juu ya Likizo na Imani



Mtu akifika katika mji wa Italia katikati ya mwezi wa Agosti hushangaa. Maduka mengi yamefungwa, mafundi hawaonekani, na mlangoni pa duka la mikate imebandikwa karatasi ya kueleza kwamba wenyewe wamekwenda likizo na watarudi mwezi ujao. Huku kwetu Agosti ni kipupwe, na mtu wa kufunga duka mwezi mzima ili akakae ufukoni tungemwona ana wazimu. Lakini kwao hicho ndicho kiangazi, miezi ya jua kali, na shule zimefungwa tangu Juni. Likizo yao ya Agosti ina asili ya zamani sana, katika sikukuu za Kaisari Augusto, kabla watu wale hawajamjua Kristo. Baadaye ikaambatana na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, tarehe 15 Agosti. Basi siku moja imebeba mambo mawili, sikukuu ya Kanisa na safari ya pwani, na kila jamaa huamua lipi litangulie.

Ndugu zetu Wakatoliki wa Roma wamelitafakari sana swali hili: imani ya mtu huwaje anapopumzika? Je, hulala pamoja naye? Twaona yafaa nasi tulitafakari, maana likizo hata kwetu zipo. Wazee waliita livu. Shule hufungwa Juni na Desemba, mabasi hujaa, watu huenda kwao. Nao wapo Wakristo ambao tuliwaona mara ya mwisho Jumapili ile kabla ya likizo, na mpaka leo hatujui walikopitia.

Tusiwaseme wengine kabla hatujajisema wenyewe. Mwaka mmoja sisi tuandikao maneno haya tulipata likizo ya wiki tatu, tukaenda na watoto kwa shangazi yetu pwani. Jumapili ya kwanza tulisema tumechoka kwa safari. Jumapili ya pili tulisema kanisa la pale hatulijui, na pengine nyimbo zao ni ngeni. (Kanisa lilikuwa mwendo wa robo saa, na nyimbo zilikuwa zilezile.) Jumapili ya tatu hatukusema kitu, tulilala tu. Shangazi aliporudi kutoka kanisani alitukuta tungali kwenye chai. Tukamwamkia, "Shikamoo, Shangazi." Akaitikia, "Marahaba," akaweka kitabu chake cha sala juu ya kabati, akafunua kanga kichwani, akasema: "Leo waliulizwa wageni wasimame wajitambulishe. Nikasema wangu wamelala."

Hakuongeza neno, na sisi hatukuwa na la kujibu. Lakini tangu siku hiyo tumejiuliza ilikuwaje watu wasiokosa Misa nyumbani wakaikosa mara tatu mfululizo, wala mioyo isiwachome. Jibu tuliloliona si la kutupa sifa. Nyumbani tunachukuliwa. Kengele ikilia tunaamka, jirani anapita kutuita, kwaya ina mazoezi, mzee wa kanisa atauliza. Mambo hayo yote ni mema, Mungu ametupa ili tusaidiane. Lakini mtu aweza kubebwa na wenzake miaka mingi akadhani anatembea kwa miguu yake. Likizo humshusha chini, ndipo hujua kama miguu anayo.

Sasa, asije mtu akasema kwamba kwa hiyo kupumzika ni hatari na afadhali tusipumzike. Kosa hilo nalo tunalijua. Wako watumishi wa Kanisa wanaojisifu kwamba hawajachukua likizo miaka 10, na wanaokaa nao nyumbani wanajua hasira zao. Bwana wetu hakufundisha hivyo. Katika Marko 6 twasoma jinsi mitume walivyorudi kutoka kazini na watu walivyowasonga hata wakakosa nafasi ya kula chakula. Yesu hakuwapa hotuba ya kujitoa zaidi. Aliwaita waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo. Na Eliya, alipochoka hata akaomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpeleka malaika na mkate na chupa ya maji, akamwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena. Maneno mazito ya Horebu yalikuja baadaye, mtu akiwa ameshiba na kulala usingizi. (1 Wafalme 19.)

Yohana Kasiano, mmonaki wa karne ya 5, ameandika masimulizi ya kale juu ya Mtume Yohana katika uzee wake. Mwindaji mmoja alimkuta akimpapasa kwale kwa mkono, akashangaa kumwona mtu mkuu namna ile akijifurahisha na ndege. Yohana akamwuliza ana nini mkononi. Akajibu, upinde. Akamwuliza mbona haukuvutwa sikuzote. Yule mwindaji akasema kwamba ukikaa umevutwa kila wakati utalegea, na siku ya kumpiga mnyama mkali hautakuwa na nguvu. Basi Yohana akamwambia asishangae kuona roho ya mtu nayo ikilegezwa kidogo. Wale waliokua na baba wenye pinde wanalijua jambo hili kuliko sisi.

Lakini mfano ambao umetusaidia kuliko yote ni wa Mtakatifu Augustino, tunayemkumbuka tarehe 28 mwezi huu wa Agosti, siku moja baada ya mama yake Monika. Yeye ni wetu sote, Waanglikana na Warumi, kwa kuwa aliishi kabla hatujagawanyika. Tena ni Mwafrika, mzaliwa wa Tagaste, katika nchi iitwayo Algeria leo. Wengi wanajua habari ya kuongoka kwake bustanini huko Milano mwaka 386. Wachache wanajua lililofuata, nalo ni habari ya likizo.

Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, kazi ya heshima kubwa mjini. Moyo wake ulipogeuka alitaka kuiacha, lakini hakutaka kuiacha kwa kelele ili watu wamtazame. Zilibaki siku kama 20 tu hata likizo ya mavuno ya zabibu, ambayo kwao huja mwishoni mwa kiangazi, wakati shule zinapofungwa. Akavumilia siku hizo. Tena alikuwa mgonjwa wa kifua: kazi ya kusema ilikuwa imemchosha mapafu, akawa anavuta pumzi kwa shida. Likizo ilipofika, rafiki yake Verecundus, ambaye bado hakuwa Mkristo, akampa shamba lake lililoitwa Cassiciacum akae huko. Akaenda na mama yake, ndugu yake, mwanawe Adeodatus, rafiki yake Alypius, wanafunzi wawili, na binamu wawili ambao hawakupata elimu.

Walifanya nini huko? Hapo ndipo tunapopapenda, kwa sababu vitabu alivyoviandika katika miezi ile vimetuachia habari nyingi ndogo ndogo. Siku nyingine ilipita yote katika shughuli za shamba na kuandika barua. Hali ya hewa ikiwa njema walikaa nyasini chini ya mti, wakazungumza juu ya Mungu na juu ya heri ya mwanadamu. Ikiwa mbaya walikaa katika nyumba ya kuogea. Kabla ya chakula cha jioni walisoma mashairi. Asubuhi moja waliona majogoo wawili wakipigana, wakasimama kuwatazama, kisha wakaanza kuulizana juu ya utaratibu wa Mungu katika viumbe. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 13 Novemba, Augustino aliwaalika wote kwa chakula kidogo, wakaanza mazungumzo yaliyochukua siku tatu. Yeye mwenyewe usiku alizoea kukesha akiwaza, na alizisoma Zaburi kwa machozi. Wakati fulani aliumwa jino hata akashindwa kusema. Akaandika katika ubao wa nta akiwaomba wenzake wamwombee. Walipopiga magoti tu, maumivu yakaondoka.

Kuna na kisa ambacho hatujakisikia kikisomwa kanisani, nacho ni cha kweli. Mwanafunzi mmoja, Licentius, alikuwa amejifunza wimbo wa zaburi, akaupenda kupita kiasi, akawa anauimba kila mahali, hata usiku alipokwenda chooni. Mama Monika akamkemea vikali kwamba mahali pale hapafai kwa maneno matakatifu. Kijana akajitetea. Augustino alipoletewa shauri hakumhukumu. Alisema kwamba zaburi ile ni ya kumwomba Mungu atugeuze na kututoa katika giza na uchafu, hivyo haikukosea mahali sana. Sisi twadhani Mama Monika naye alikuwa na neno lake, lakini tunafurahi kwamba kijana yule aliimba.

Tazameni sasa ndugu. Hakuna katika habari hii mambo makubwa. Hakuna mkutano wa injili, hakuna ratiba iliyopigwa chapa. Kuna shamba, chakula, jogoo, jino, kijana mwenye kelele, na watu waliopumzika pamoja wakiwa na Mungu katikati yao. Kule kifua kilipata kupumzika. Na likizo ilipokwisha Augustino aliwapelekea habari watu wa Milano wamtafute mwalimu mwingine. Pasaka ya mwaka 387 Askofu Ambrosio akambatiza, pamoja na Adeodatus na Alypius. Ubatizo huo umelilisha Kanisa zima miaka zaidi ya 1,600, na maandalio yake yalikuwa ni mapumziko.

Pengine mtu atasema: Augustino alikuwa na shamba la rafiki, sisi tunalo wapi? Ni kweli. Hata huko Ulaya likizo haikuwa ya kila mtu. Wafanyakazi wa Ufaransa walipata kwa sheria likizo yenye mshahara mwaka 1936, wiki mbili tu, na wengi wao ndiyo mara ya kwanza waliweza kwenda kuiona bahari. Na huku kwetu mkulima na mama wa genge hawana wa kuwapa barua ya likizo. Kwa hiyo yatupasa tuliangalie vizuri agano la Mungu, kwa maana Yeye hakuwaamuru matajiri peke yao wapumzike.

Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka 20 sababu yake ni uumbaji, kwamba Mungu alistarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: ninyi mlikuwa watumwa Misri, basi mtumishi wako wa kiume na wa kike wapumzike kama wewe. Hata ng'ombe na punda wametajwa. Maana yake, pumziko ambalo linamchosha mtu mwingine bado halijatimia mbele za Mungu.

Na hapa inatupasa turudi kwa shangazi. Katika wiki zile tatu tulizoziita za kupumzika, nani aliamka saa kumi na moja kuteka maji? Nani alikaanga maandazi ya watoto wetu? Jumapili ile yeye alikuwa amekwisha kupika, kufagia uwanja na kwenda Misa, na kurudi, nasi tumelala. Likizo yetu ilikuwa mgongoni mwake. Wala si kwetu peke yetu. Katika mahoteli ya pwani, huku na huko Ulaya, wapo vijana wanaotandika vitanda na kuosha vyombo siku zote 7 za juma ili wengine wastarehe, na Jumapili kwao ni siku ya kazi nyingi kuliko zote. Mkristo akienda mahali kama hapo, aulize kwa upole kama mtumishi wake anapata nafasi ya kusali, wala asimwekee kazi saa ya ibada.

Monika naye huko Cassiciacum ndiye aliyetunza nyumba na kuwasukuma wale wasomi waende kula. Lakini Augustino hakumwacha jikoni. Siku moja aliingia akauliza wamefika wapi katika mazungumzo, na Augustino akaamuru swali lake liandikwe kitabuni. Mama akashangaa akauliza lini wanawake wameingizwa katika vitabu vya namna hiyo. Yeye akaendelea, na maneno ya mama yamo mpaka leo.

Kanisa la Roma limeweka hata kanuni juu ya jambo hili. Katika sheria yao ya mwaka 1983, kanuni ya 533, paroko ana ruhusa kuwa nje ya parokia kwa mapumziko hadi mwezi mmoja kwa mwaka, na siku za mafungo ya kiroho hazihesabiwi humo. Papa naye hupumzika. Yohane Paulo wa 2 alipenda milima, na mwaka 1987 alikwenda Lorenzago di Cadore kaskazini mwa Italia. Fransisko alibaki Vatikano miezi ya joto, na jumba la Castel Gandolfo likafunguliwa kwa watazamaji mwaka 2016. Leo wa 14 alirudi huko kupumzika Julai 2025. Kila mtu na mwili wake. Lakini kanuni ile yataka pia mahali pa paroko pasiachwe tupu, na hapa kuna jambo linalotugusa. Mapadre wa Kiafrika wanaosoma Roma, wakiwamo wa Tanzania na Kenya, shule zikifungwa huenda Ujerumani, Austria na vijiji vya Italia, wakasoma Misa na kuzika wafu ili paroko mwenyeji apate kupumzika. Zamani wamisionari walitoka huko kuja kwetu. Leo mzee wa kijiji cha milimani akiugua mwezi wa Agosti, mkono unaompaka mafuta matakatifu huenda ni mkono wa mtu wa kwetu.

Wako na walei wanaotumia likizo yao kwa namna nyingine. Tangu mwaka 1873 Wafaransa wamekuwa wakifanya hija yao ya taifa huko Lourdes wakati wa sikukuu ya tarehe 15 Agosti. Wagonjwa hupelekwa kwa viti vya magurudumu, na wanaowasukuma, kuwalisha na kuwaogesha ni watu wa kawaida, karani, mwanafunzi, fundi, waliojilipia nauli na kutoa siku zao za likizo. Wengi husema kwamba hurudi nyumbani mwili umechoka na roho imepumzika. Hatuwashurutishi ninyi mfanye hivyo. Mama mwenye watoto 6 akipata siku 3 za kulala, na alale, Mungu huwapa wapenzi wake usingizi, na hakuna haja ya kuufanya usingizi huo kuwa kazi nyingine ya kanisa. Lakini kijana mwenye likizo ya mwezi mzima aweza kumtembelea babu yake asiyeona akamsomea Injili ya Jumapili. Wazazi, ambao mwaka mzima huwaona watoto usiku tu, wanaweza kula nao, kusali nao kabla ya kulala, na kujibu yale maswali ambayo siku za kazi huyajibu kwa kusema "tutaongea kesho."

Turudie Marko 6 kidogo, maana hatukumaliza. Yesu na mitume walipanda mashua waende faragha, lakini watu wakawaona, wakakimbia kwa miguu kutoka miji yote, wakatangulia kufika. Likizo yao ilikuwa ni mwendo ule wa mashua tu! Bwana aliposhuka akawaona, akawahurumia, akaanza kuwafundisha. Wako kati yenu ambao likizo yenu mwaka huu itakuwa hivyo hivyo, mtoto ataugua, msiba utatokea, mvua itanyesha juu ya mahindi yaliyoanikwa. Hata mwendo wa mashua, mkiwa na Yesu ndani yake, ni pumziko.

Basi ninyi mtakaosafiri, ulizeni mapema kanisa liko wapi na Misa ni saa ngapi. Chukueni kitabu cha sala na cha nyimbo katika mizigo yenu. Wageni wakiulizwa, simameni mseme mnatoka mtaa gani, na salamu mtakazopewa mtuletee. Mtakaobaki, watembeleeni wagonjwa ambao waliozoea kuwaangalia wamesafiri. Tuombeane.

Sisi, tukijaliwa, Desemba tunakwenda tena kwa shangazi. Tumekwisha kumpigia simu kwamba safari hii asubuhi ya Jumapili chai tutachemsha sisi. Alicheka, akasema ataamini akiiona.